Usukani Mzito: Kubadilisha Kebo Iliyochakaa kwenye Boti za Matembezi



Kipande hiki cha kebo ya usukani nimekipasua mwenyewe. Kipitisheni mkono kwa mkono. Ganda lake la plastiki bado linang'aa, lakini papaseni hapo palipovimba kama kidole chenye jipu. Maji ya chumvi yaliingia, waya ukala kutu, kutu ikatanuka na kulisukuma ganda. Kilitoka kwenye boti ya faiba ya futi 19, na nahodha wake aliniapia kwamba usukani hauna neno. Hakusema uongo. Uzito uliingia kidogo kidogo, na mkono wake ukaongeza nguvu kidogo kidogo bila yeye kujua. Aliyegundua ni mpwa wake, aliyeshika usukani siku moja tu akashindwa kuigeuza boti kwenye mlango wa mwamba.

Ninalotaka tukubaliane leo ni kwamba kebo iliyofika hapo haitengenezwi, hubadilishwa. Najua wengi wetu huitilia mafuta, na usukani hulainika kweli kwa siku chache. Lakini kebo hizi hufungwa kiwandani, mafuta hayafiki palipooza, na siku waya utakapokatika, boti ikiwa mbioni, nguvu ya panga itaigeuza mashine upande mmoja na kuwarusha abiria.

Kwetu pwani adui mkubwa ni kulala. Kusi likianza boti nyingi za wageni hupandishwa au hutiwa nanga miezi kadhaa, na grisi hukauka ndani ya bomba la bawaba, lile ambalo mashine huinukia na ambamo fito ya kebo hupita. Kibaya zaidi ni usukani kuachwa umekatwa upande ambao fito imechomoza nje, ikala chumvi msimu mzima. Ukiirudisha ndani mwezi wa nane, inaingia na chumvi yake.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mwenye boti anunue kebo, tafuta ugonjwa uko wapi. Fungua mkono unaounganisha fito na mashine, kisha isukume mashine kwa mikono kushoto na kulia. Ikiwa nzito, bawaba yake ya kugeukia ndiyo imekauka na kebo mpya haitasaidia. Ikiwa nyepesi, zungusha usukani. Ukiwa bado mzito, chomoa fito kwenye bomba, uisafishe, ujaribu tena ikiwa hewani. Ikilainika, kosa lilikuwa la bomba. Isipolainika, itenganishe kebo na gia ya usukani nyuma ya dashibodi, uzungushe gia peke yake. Gia ikienda vizuri, kebo imekufa. Kazi hiyo haimalizi saa moja, nami nimeona kebo nzima zikitupwa kwa sababu fundi aliiruka.

Fito iliyogandia ndani ya bomba ndiyo inayokula siku. Legeza nati, tia mafuta ya kupenya, acha yalale usiku kucha. Asubuhi igonge kwa kipande cha shaba au mbao ngumu, kamwe si nyundo juu ya chuma, maana ncha ikipanuka haitapita tena. Moto wa gesi unasaidia, ila mimi siuwashi penye tangi na mipira ya petroli, na sitaki kijana wangu auwashe. Fito ikitoka, bomba lisuguliwe kwa brashi na msasa uliozungushwa kwenye fimbo hadi ndani kung'ae. Kebo mpya kwenye bomba chafu ni pesa iliyotupwa baharini.

Urefu wa kebo kwa kawaida umeandikwa kwenye ganda. Usiufuate kwa upofu, aliyetangulia huenda alikosea. Pima kutoka katikati ya usukani hadi ubavuni, kisha ubavuni hadi tezi, kisha tezi hadi katikati ya bomba. Jumlisha, toa inchi 4 kwa kila kona ya mraba, ongeza inchi 6, halafu panda hadi futi kamili inayofuata. Hesabu hii ni ya gia ya mviringo. Kona yoyote iwe na nusu kipenyo kisichopungua inchi 8, maana kebo iliyokunjwa sana huzaliwa nzito.

Kabla ya kuivuta ya zamani, funga kamba ncha yake, nayo itaivuta mpya kwenye njia ileile. Nati zenye nailoni ndani ziwe mpya kila mara. Kisha, boti ikiwa bado nchi kavu, zungusha usukani kulia na utazame mashine: panga lielekee kulia. Kwenye gia nyingine kebo ikiingizwa upande usio wake mambo hugeuka, na hilo si la kugundulia majini. Inua mashine hadi juu, zungusha tena pande zote, uangalie kama mipira inabanwa.

Mwisho ni grisi, na hapa hata mafundi wazoefu hukosea. Chuchu ya bomba ipigwe grisi fito ikiwa imerudi ndani kabisa. Ukipiga ikiwa imechomoza, grisi hujaa palipo tupu, na fito inaporudi hukuta imezibwa. Nikishamaliza huandika mwezi na mwaka kwa rangi kwenye ganda, chini ya dashibodi, pale ambapo fundi atakayekuja ataweka tochi yake.