Mlango wa Pili wa Bweni

Hotuba iliyosomwa Kampala kwa niaba ya walimu wakimbizi, katika kuadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika

Wengine mmesafiri kutoka Nakivale, Kyaka na Rwamwanja, wengine mmetembea kwa miguu tu kutoka Nsambya na Katwe. Tunataka kusema machache juu ya usalama wa watoto wetu shuleni.

Siku hii ya tarehe 16 Juni iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Kwetu sisi tuliotoka Kongo tukapokelewa Uganda, siku hii imepata msiba wa pili. Usiku wa Ijumaa, tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wilaya ya Kasese. Kutoka pale hadi mpaka wa Kongo hapafiki kilomita mbili. Waliua wanafunzi 37, na ukijumlisha watu wengine idadi ilipita 40; wengine walichukuliwa kupelekwa msituni. Wavulana walikuwa wamejifungia bwenini. Wauaji waliposhindwa kuingia, walitupa moto ndani. Miili mingine iliungua hata wazazi wakashindwa kuitambua.

Wenyeji wa upande ule walikumbuka Kichwamba, karibu na Fort Portal, ambako kundi hilo hilo lilichoma wanafunzi 80 wa chuo cha ufundi ndani ya mabweni yao, tarehe 8 Juni 1998. Miaka 25 ilipita katikati.

Baada ya Lhubiriha, tulisikia maneno mengi juu ya ua, walinzi na bunduki. Hatuyapingi. Shule iliyo karibu na mpaka inahitaji jeshi karibu yake, na hilo ni kazi ya serikali, si ya mwalimu. Lakini tunaomba tuangalie jambo ambalo mwalimu na mzazi wanaweza kuligusa kwa mkono, nalo ni mlango wa bweni.

Si waasi peke yao wanaochoma watoto. Hapa karibu, njia ya Masaka, katika shule ya msingi ya Budo, karibu wasichana wadogo 20 walikufa kwa moto bwenini usiku wa tarehe 14 Aprili 2008, na ilielezwa kwamba milango ilikuwa imefungwa. Mukono, tarehe 25 Oktoba 2022, watu 11 walikufa kwa moto katika shule ya vipofu ya Salama. Jirani zetu wa Kenya walizika wavulana 67 wa Kyanguli, kule Machakos, baada ya moto wa Machi 2001. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo.

Mnaona jinsi jambo lilivyo. Nondo ziliwekwa kwa ajili ya mwizi. Kufuli liliwekwa ili wasichana wasitoke usiku, au wavulana wasiende kuangalia mpira mjini. Kila moja lina sababu yake, na mwenye shule akiulizwa atasema amefanya kwa ajili ya usalama. Moto ukija, usalama huo ndio unaoua. Na wauaji wakija, kama Lhubiriha, mlango mmoja wenye nguvu unawazuia kwa dakika chache tu, kisha watoto hawana pa kutokea. Bweni lenye mlango mmoja ni mtego, mlango huo ukiwa wazi au umefungwa.

Kwa hiyo tunasema mlango wa pili. Kenya baada ya misiba yake iliandika kitabu cha kanuni za usalama wa shule mwaka 2008. Kinataka bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati, upana wa futi 5 usipungue, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mtaalamu. Fundi wa mtaani na futi yake anaweza kupima yote kabla ya saa sita. Hata hivyo, tarehe 5 Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto bwenini huko Nyeri, katika shule ya Hillside Endarasha. Karatasi haifungui mlango.

Tumezunguka shule kadhaa hapa mjini kuomba nafasi kwa watoto wetu. Katika moja, ambayo hatutaitaja, tulionyeshwa kitabu cha wageni kilichojazwa vizuri, mlinzi mwenye sare, na cheti ukutani. Tulipoomba kuona bweni, tuliambiwa wakimbizi wanauliza maswali mengi kuliko wanavyolipa karo. Tuliondoka.

Jambo jingine ni daftari. Mwezi Oktoba 1996 waasi wa LRA walipoteka wasichana 139 wa Aboke, Sista Rachele Fassera aliwafuata msituni pamoja na mwalimu mmoja. Alirudi na 109. Wale 30 waliobaki walijulikana mmoja mmoja, na wazazi wao waliwadai kwa miaka mingi. Mtoto wetu mkimbizi ana jina moja kwenye karatasi ya ofisi ya wakimbizi, jingine nyumbani, na la tatu shuleni kwa sababu la kwanza lilimshinda karani. Ikitokea jambo usiku, ataitwa kwa jina gani, na nani atapigiwa simu? Matroni awe na orodha ya waliolala, kila usiku, yenye jina lile lile na namba ya mzazi.

Sasa tuguse fimbo, ingawa tunajua baadhi yenu hamtaipenda sehemu hii. Sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Wazazi wengi wanatuambia sisi sote tulikua kwa fimbo. Ni kweli. Lakini mashule mengi ya Kenya, zaidi ya 100 katika mwaka 2016 peke yake, yalichomwa na wanafunzi wenyewe, na kwa kawaida siri ya namna hiyo huwa na masikio mengi: kuna mtoto aliyeona dumu la petroli. Mtoto anayepigwa akisema, na anayepigwa asiposema, atanyamaza. Katika wilaya ya Luwero shirika la Raising Voices lilijaribu njia nyingine katika shule za msingi, na uchunguzi wa shule 42 uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto waliopigwa na walimu walipungua kwa asilimia 42. Anayeogopa kusema shuleni apewe namba 116, ni ya bure.

Ninyi wa mashirika, mnalipia karo watoto wetu wengi. Tunaomba kabla ya kulipa muhula ujao mtume mtu aende saa mbili usiku, si saa nne asubuhi, akaone ufunguo uko kwa nani na anayelala karibu ni nani. Mlipaji hafukuzwi langoni kama sisi.

Kamati imekubali wazazi wawili na mwalimu mmoja watembelee kila shule ya bweni yenye watoto wetu kabla ya muhula kufunguliwa. Futi ya kupimia tunayo. Wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa Katibu leo, na waseme wanajua Kiganda au hapana, kwa sababu matroni wengi hawazungumzi Kiswahili.