Mlinzi Aliyepigwa X

 

Wahitimu, nimeambiwa wengi wenu ni wa PCB, kwa hiyo leo ni protini. Wazazi mnivumilie, ng'ombe wenu wamo.

Mwishoni mwa 2006 mvua zilizidi, homa ya Bonde la Ufa ikazuka tena Afrika Mashariki. Hadi katikati ya 2007 ilikuwa imeua Watanzania zaidi ya 100. Mifugo ikiugua hutupa mimba. Basi mama yangu wa hapa Mwika, ng'ombe wa zizini akitupa mimba, usimshike ndama yule kwa mikono mitupu. Fungia mbwa, mwite bwana mifugo.

Sasa tuingie ndani ya seli. Ipo protini iitwayo PKR. Ikikuta RNA ya kirusi yenye nyuzi mbili, inasimamisha utengenezaji wa protini, kirusi kikose pa kuzalia. Seli hiyohiyo ina utaratibu wa kubomoa protini zisizotakiwa: huzibandika ubikwitini, kama ile X nyekundu kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara, kisha proteasomu huzikatakata. Ibandikwe ipi? Hapo ndipo ulipo ukoo wa F-boksi, protini zipatazo 70 kwa binadamu. Zote zina kipande kinachofanana, kinachoshikamana na mtambo wa kubandika; kwa upande wa pili kila moja huchagua windo lake.

Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa hakina mtambo huo. Huazima. Protini yake, NSs, huikamata PKR na kuikutanisha na mmoja wa ukoo wa F-boksi, na mlinzi anapigwa X na wenye nyumba. Kwamba PKR hubomolewa hivyo kulionyeshwa mwaka 2009.

Kisa ninachokipenda ni cha mgonjwa mmoja wa homa hiyo, wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, 1974, aliyepona. Katika virusi vyake kilipatikana kimoja kilichopoteza sehemu kubwa ya NSs. Kilikuwa kimenyang'anywa ujanja wake. Afrika Kusini wanakitumia kuchanja mifugo. Upungufu wa kirusi umekuwa dawa, na aliyeuona alikuwa mtu wa kuangalia kwa makini, si wa kukariri tu.

NECTA haitawauliza F-boksi, msiwe na hofu. Ila atakayefika SUA kule Morogoro, au maabara za KCMC hapo Moshi, asisubiri kuulizwa.

Mkuu wa Shule, vyeti viko wapi?