Siku ya Kutoka



Ukishuka kutoka Kibokoni utaukuta ukuta wa Ngome ya Yesu. Leo watalii hulipa kiingilio, lakini tangu 1895 hadi 1958 palikuwa jela. Karibu yake lingalipo jengo la mahakama ya kale, la mwaka 1902. Kwa hiyo wazee wa mtaa huu waliishi jirani na mahali pa kuhukumiwa na mahali pa kufungwa.

Leo tuzungumze juu ya mwuaji, na siku yake ya kutoka.

Kwa miaka mingi jaji wa Kenya, akimwona mtu ana hatia ya kuua kwa kusudi, alikuwa na neno moja tu: kifo. Awe ameua kwa tamaa ya mali, au ni mke aliyechoka kupigwa, sheria haikumpa jaji nafasi ya kupima. Na kwa kuwa tangu 1987 hapana aliyenyongwa, mhukumiwa alikaa akingoja kitanzi kisichokuja na mlango usiofunguliwa. Mwaka 2009 Rais aliwabadilishia watu zaidi ya 4,000 adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Afadhali, lakini maisha nayo hayana tarehe.

Hapa hapa Mombasa, Julai 2010, Mahakama ya Rufani ilisema jaji asifungwe mikono hivyo. Mwaka 2013 majaji wengine wa mahakama hiyo wakarudi nyuma. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikakata maneno: adhabu ya kifo ingalipo, ila si ya lazima. Jaji atazame umri wa mtu, kama ni kosa lake la kwanza, kama amekiri, kama anajuta, kama aweza kutengenezeka. Jamaa za marehemu nao husikilizwa. Ndipo hutaja miaka, akikumbuka na ile aliyokaa mahabusu. Mwenye miaka iliyotajwa, akifanya kazi na kutii, aweza kupunguziwa theluthi. Wa maisha hapunguziwi.

Tunaikumbuka miji ya makimbilio katika kitabu cha Hesabu. Aliyeua alikaa humo hata kuhani mkuu afe. Hakujua ni lini, lakini alijua siku ipo. Ni kweli, huyo aliua pasipo kukusudia, na tofauti hiyo si ndogo.

Je, mama wa marehemu? Naye ana hesabu yake. Akisikia miaka thelathini, huuliza kama mwanawe atarudi katika mwaka wa thelathini na mmoja. Sisi hatuna jibu, wala tusijifanye tunalo. Ila juma hili, kabla hatujakwenda Shimo la Tewa na Biblia na sabuni zetu, tupite kwanza nyumbani kwake, tuketi naye.