Teke la Farasi ni Ajali ya Kazini

Wewe kijana unayeamkia mazizini, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, ukimpiga farasi burashi kabla jua halijachomoza. Farasi akishtuka, anakupiga teke bila onyo. Goti limevimba, na bosi anakwambia, "Ulisimama vibaya, jitibu."

Sikiliza. Teke la farasi ni ajali ya kazini.

Sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri agharamie matibabu. Inamlinda hata mwanagenzi, yule ambaye bado anafundishwa kushika hatamu. Kwa hiyo ukiambiwa "wewe unajifunza tu", usikubali.

Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo. Kumbuka nani alishuhudia. Tunza karatasi zote za hospitali, hata risiti ya dawa za maumivu. Mwajiri akikupiga chenga, nenda ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini. Usikawie: madai hupokelewa ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Tunarudia: teke la farasi ni ajali ya kazini. Ripoti leo.