Cefalù na Mogadishu: Kanisa Kuu na Nakala Yake
Mhadhara wa umma uliotolewa Ndera, Kigali

Mada niliyopewa ni usanifu wa makanisa makuu ya Italia, nami, kwa idhini yenu, nitaipunguza mpaka libaki kanisa moja tu, lile la Cefalù katika kisiwa cha Sisilia, kwa sababu kanisa hilo lilizaa nakala katika pwani ya Afrika Mashariki, na kisa cha nakala hiyo kinatuhusu sisi wa Ndera, ambao viwanda vya Masoro vinainuka mbele ya macho yetu kwa ramani ambazo aghalabu hatuulizi zimetoka wapi.

Mgeni atokaye Palermo akifuata ufuo kuelekea mashariki, mwendo wa kilomita zipatazo 70, huliona jabali kubwa kabla hajauona mji, na chini ya jabali hilo, juu ya mapaa ya nyumba, huiona minara miwili mizito yenye madirisha machache, iliyojengwa na watu waliojua kwamba hatari huja kwa bahari. Akiikaribia hutambua kwamba minara hiyo si pacha kamili, maana kilele cha mmoja kina pembe nne na cha mwenziwe kina pembe nane. Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia ndiye aliyeliwekea kanisa hilo msingi mwaka 1131, na wenyeji husimulia kwamba alikuwa akitimiza nadhiri aliyoiweka baharini, tufani ilipotaka kumzamisha. Mimi huisikiliza hadithi hiyo kwa furaha na kuisadiki kwa kiasi, kwa kuwa mtu aliyetawazwa mwaka uliotangulia huhitaji jengo kubwa hata pasipo tufani.

Ndani, pande zote mbili za ukumbi mrefu, zimesimama nguzo zinazobeba matao yenye ncha, matao ambayo fundi wa Misri au wa Maghribi wa zama hizo asingeyaona kuwa mageni. Boriti za dari zilipakwa rangi kwa namna ya mafundi wa Kiislamu. Na nyuma ya altare, katika nusu kuba inayofunika mwisho wa ukumbi, mafundi wa mapokeo ya Bizanti walimchora Kristo kwa vipande vidogo vidogo vya kioo na dhahabu, kazi ambayo maandishi yaliyo chini yake yanataja mwaka 1148. Kristo huyo ameshika kitabu kilichofunuliwa, ukurasa mmoja umeandikwa Kigiriki na wa pili Kilatini, ilhali Kiarabu, lugha ya tatu ya ufalme ule, hakimo kitabuni bali kimejificha katika matao na boriti. Wala kazi haikuisha enzini mwa Roger: majeneza mawili ya jiwe la zambarau aliyoyaweka humo mwaka 1145, akitumaini kuzikwa hapo, yalihamishiwa Palermo mwaka 1215 kwa amri ya mjukuu wake Frederick, na uso wa kanisa ulikuja kukamilika mwaka 1240.

Tusimpambe mfalme huyo. Wanormani wenzake waliwanyang'anya Waislamu kisiwa hicho kwa upanga, baina ya mwaka 1061 na 1091, na watekaji ni watekaji. Walakini baada ya kuteka walikaa chini wakajifunza: joho la kifalme la Roger lilitariziwa maandishi ya Kiarabu yenye tarehe ya Hijra, mwaka 528, na katika baraza lake alimkirimu Al-Idrisi, mwanajiografia wa Maghribi, ambaye kitabu chake kilichotimia mwaka 1154 kinazitaja Malindi na Mombasa pamoja na chuma cha nchi hiyo. Mfalme aliyeijenga Cefalù, basi, alikwisha kupata habari za pwani ya Waswahili.

Karne nane kasoro kidogo baadaye, habari zilisafiri kwa upande wa pili. Mwaka 1925, Mogadishu ikiwa chini ya Gavana Cesare Maria De Vecchi, mmoja wa vigogo wa Ufashisti, likaanza kujengwa huko kanisa kuu kwa ramani ya msanifu Antonio Vandone aliyechukua Cefalù kuwa kielelezo chake, na mwaka 1928 likafunguliwa, na minara yake miwili ikautawala mji. Watu wengi walilisifu, nami nikizitazama picha zake za kale sithubutu kusema kwamba lilikuwa baya. Ninalolalamikia ni jingine. Mogadishu haikuwa jangwa la usanifu: Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331 akaikuta mji mkubwa wa biashara, msikiti wa Fakhr al-Din ni wa mwaka 1269, na mnara wa msikiti wa Ijumaa wa mtaa wa Hamar Weyne una maandishi ya mwaka 1238, maana yake waashi wa Mogadishu walikuwa wameweka tarehe katika mnara wao miaka miwili kabla waashi wa Cefalù hawajaumaliza uso wa kanisa lao. Mji huo ulijua kuchonga matumbawe na kuchoma chokaa, lakini uso wa kanisa jipya haukuazima chochote kwa waashi wake. Vandone alinakili matao ambayo Roger aliyapata kwa kuwasikiliza Waislamu wa Sisilia, akayapeleka katika mji wa Waislamu pasipo kuwasikiliza.

Yaliyofuata ni machungu. Tarehe 9 Julai 1989 Askofu Salvatore Colombo alipigwa risasi katika kanisa hilo akiadhimisha Misa, akafa. Vita vilivyoushika mji tangu mwaka 1991 vikaliacha kanisa gofu. Mwaka 2008 wanamgambo wakabomoa sehemu kubwa ya kilichosalia, na baadaye watu waliokimbia makwao wakapiga vibanda baina ya kuta. Si haki kusema kwamba usanifu ndio uliomuua Askofu, wala sitaki mtu atoke humu akisema nimesema hivyo.

Mnyarwanda akilisikia neno gofu na neno kanisa pamoja, fikira zake hazibaki Mogadishu. Kanisa la Nyamata, ambamo watu waliokimbilia hifadhi waliuawa mwaka 1994, na ambalo nje yake amezikwa Mwitalia Antonia Locatelli, aliyeuawa Machi 1992 baada ya kuipasha dunia habari za mauaji ya Bugesera, liliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile iliyoipokea Cefalù mwaka 2015. Nyamata haikurudishwa kuwa kanisa, nayo haipasi kurudishwa, kwa kuwa majeraha ya kuta na paa lake ni ushahidi, na mwashi akiyaziba ameufuta.

Gofu la Mogadishu nalipa hukumu nyingine. Ikiwa siku moja wenyewe wa mji huo watakubaliana kulisimamisha tena, rai yangu ni kwamba wasimtume mtu Sisilia na kamba ya kupimia. Wawaite kwanza mafundi wa chokaa na matumbawe waliobaki Hamar Weyne, Barawa na Lamu, wawape kuta zilizosimama, na msanifu, awe Mwitalia au Msomali, akae mezani nao kabla hajachora mstari wa kwanza.