Mapigo ya Mioyo Miwili

 

Ndugu Waislamu, leo tunasema na waume walioko machimboni Nyarugusu, Mgusu na Kakola, na wake zao wanaowangoja Shinyanga na Kahama. Mchimbaji hutoka katika duara, akapanda basi, akafika nyumbani usiku, akaweka fedha mezani, akalala. Alfajiri amekwisha ondoka, naye moyoni anaona haki ya mke imetimia. Chakula na mavazi ni wajibu, hilo hatulipunguzi. Lakini Aya ya 21 ya Sura Ar-Rum imetaja utulivu, mapenzi na huruma.

Utulivu huo una alama zake mwilini. Mwaka 2017 Pavel Goldstein na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya kwa wanawake 22 na wenzi wao. Wawili walipokaa pamoja, hata bila kugusana, mapigo ya moyo na pumzi zao zilielekea kwenda sambamba. Mwanamke alipotiwa joto la kumuumiza kidogo mkononi, ulinganifu ule ukavunjika. Mwenziwe alipomshika mkono ukarejea, na maumivu yakapungua.

Wala asidhani mtu kwamba kila kufuatana ni kheri. Mwaka 1983 Robert Levenson na John Gottman waliandika habari za wanandoa 30 waliopimwa huku wakizungumza juu ya tofauti zao. Wale ambao miili yao ilifuatana zaidi katika mabishano ndio waliokuwa na ridhaa ndogo katika ndoa. Hasira hurukia kifua cha pili kama moto wa nyasi kavu huku kwetu Usukumani. Basi anayerudi na khofu ya kifusi na uchungu wa madeni (na wengi hurudi nayo, kwani dhahabu haina ahadi na mtu) asishangae akimkuta mkewe naye amewaka.

Mtume wetu (S.A.W.) alirejea kutoka pango la Hira moyo ukimtetemeka, akaomba afunikwe. Akafunikwa mpaka khofu ikamtoka, ndipo akamsimulia Bibi Khadija (R.A.) yaliyompata, naye akamliwaza.

Nawe uliyefika jana kutoka Geita, keti kwanza na mkeo, umshike mkono. Fedha zitahesabiwa baadaye.