Kilimanjaro si barafu tu
Kila Kilimanjaro inapotajwa, tunaulizana barafu imebaki kiasi gani. Sawa, lakini uhai wa mlima huu uko chini zaidi. Ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6; ndiyo maana unaacha migomba na kahawa ya vihamba vya Wachaga, unaingia msitu unaochuruzika maji, kisha vichaka, kisha jangwa la mawe. Kusini, pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua. Kaskazini, kuelekea Amboseli, ni ukavu. Moto wa Oktoba 2020 uliteketeza eneo la vichaka vile vya juu, ambavyo hunasa ukungu na kuugeuza maji. Kwangu mimi, hasara hiyo inaizidi ya barafu, ingawa watalii hawaipigi picha.